Tulioanza kidato cha kwanza mwaka 1978: tuwaombeje wenzetu waeleze maisha yao?

Bweni la Ruaha (swali)

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Ninaandika kwa niaba ya watu watatu tuliokabidhiwa kazi ambayo mwanzoni tuliiona nyepesi. Tulisoma katika shule ya serikali ya bweni, ya wavulana, huko Nyanda za Juu Kusini. Tuliingia kidato cha kwanza Januari 1978 na kufanya mtihani wa kidato cha nne mwishoni mwa mwaka 1981. Desemba mwaka huu tumepanga kukutana Makambako, na wenzetu wametuagiza tukusanye maelezo ya maisha ya kila mmoja tangu siku tuliyoagana, tuyachape na kuyafunga kuwa kijitabu ambacho kila familia itabaki nacho. Wengi wetu tumetimiza miaka 60 na tumestaafu, na kila tukipigiana simu tunaambiana habari za msiba, kwa hiyo hatuoni sababu ya kungoja tena.

Kwa wasomaji ambao hawakuuona wakati ule, nieleze kwanza jambo moja. Mtoto hakupangiwa shule iliyo karibu na kwao. Serikali ilituchanganya kwa makusudi, ili mtoto wa Kasulu alale bweni moja na mtoto wa Newala na wa Tarime, na ndivyo ilivyokuwa. Ada hatukulipa, na nauli tulipewa kwa waranti, ile karatasi ya serikali ambayo uliionyesha kituoni ukaandikiwa tiketi. Mimi nilitoka Kigoma kwa treni ya Reli ya Kati, nikafika Dar es Salaam baada ya siku mbili, nikapanda treni ya TAZARA iliyokuwa bado mpya hadi Makambako, kisha nikamalizia safari juu ya lori la mahindi. Nilikuwa na miaka 14. Likizo fupi sikuweza kwenda kwetu na kurudi, kwa hiyo nilikwenda kwa rafiki zangu, nikalima na mama zao, nikala kwao, na mpaka leo kuna nyumba mbili mkoani Iringa ambako ninaitwa mtoto wa nyumba ile.

Vita vya Kagera vilipoanza mwishoni mwa Oktoba 1978, darasani kwetu walikuwapo wenzetu wawili waliotoka vijiji vya kaskazini mwa Mto Kagera. Kwa wiki nyingi hawakujua kama wazazi wao walikuwa hai. Kila jioni tulikwenda nao hadi nyumbani kwa mwalimu wa zamu kusikiliza redio, tukasimama nje ya dirisha, sisi njuka wa kidato cha kwanza tusiojua la kuwaambia. Ninayataja haya ili mwelewe kwamba hawa ninaowazungumzia si watu niliofahamiana nao tu.

Sasa tatizo lenyewe. Tunavyohesabu, mkondo wetu ulikuwa na wanafunzi 41. Tumethibitisha kwamba 13 wamefariki. Kati ya 28 waliobaki tumewapata 22, tukawatumia wote fomu ya kujaza, na mpaka leo zimerudi tisa tu. Zote tisa zimetoka kwa watu waliofika juu: madaktari wawili, kanali mstaafu, mkurugenzi wa zamani wa halmashauri, na wengine wa aina hiyo. Nimezisoma mara nyingi na kila mara nasikitika, kwa sababu zimejaa vyeti, vyeo na majina ya vyuo ambavyo watoto wao wamehitimu, na simwoni ndani yake hata mmoja wa wale wavulana niliokula nao ugali wa unga wa njano tuliouita yanga.

Waliosalia wamenyamaza. Nilimpigia mmoja wao, ambaye ni fundi cherehani katika mji mmoja wa kusini. Huyu ndiye aliyekuwa akitueleza hesabu sote wakati wa kujisomea usiku, na nisingefaulu bila yeye. Alinijibu kwa upole, "Kaka, mimi sina cha kuandika. We andika tu kwamba nipo." Nilishindwa kuendelea na mazungumzo.

Naomba ushauri kwa waliokwisha kufanya kazi ya namna hii. Tuulize nini, na tuulize kwa njia gani, ili mtu asione kwamba anaitwa kupimwa na wenzake? Na habari za marehemu tuziandikeje?

Sanduku la Bati

Kaka, hongera kwa kazi hiyo na pole kwa ugumu wake. Sisi tulimaliza mwaka 1983 katika shule ya wasichana, na kosa mlilolifanya ninyi tulilifanya sisi miaka sita iliyopita: tulitengeneza fomu yenye nafasi ya wadhifa wa sasa na elimu ya juu. Ukimpa fomu ya namna hiyo mwanamke aliyelea watoto saba na kuuguza wazazi wawili wa mume wake hadi wakafa, umemwambia kabla hajashika kalamu kwamba maisha yake hayana mahali pa kuandikwa.

Tuliitupa. Badala yake tulikaa na kila mtu, ana kwa ana au kwenye simu, tukamuuliza jinsi alivyofika shuleni siku ya kwanza, alifanya nini mwaka uliofuata baada ya kumaliza, ni siku gani aliishiwa kabisa na nani alimshika mkono, na ni kitu gani alichojifunza shuleni ambacho bado anakifanya. Swali la mwaka uliofuata ndilo lililotoa maelezo mengi kuliko yote, na ninakusihi usiliache. Sisi tuliotoka shuleni mwishoni mwa 1983 tuliingia katika mwaka ambao kila nyumba ilikuwa inatafuta sukari, sabuni na khanga. Mwenzetu mmoja alieleza kwamba mwaka 1984 wote aliishi kwa shangazi yake Tanga, na kazi yake ilikuwa kupanga foleni kwenye duka la ushirika kuanzia saa kumi alfajiri, wakati mwingine bila kujua ni bidhaa gani imeletwa. Mwingine alikuwa Dar es Salaam bila kazi wakati wa msako wa Nguvu Kazi, akawa hatoki nje mchana kwa kuogopa kurudishwa kijijini. Wa tatu alisema siku Sokoine alipofariki, tarehe 12 Aprili 1984, alikuwa chuo cha ualimu, na wanachuo wote walikaa chini uwanjani wakalia. Hakuna fomu ambayo ingetuletea mambo hayo. Tena hapo tulikuwa bado sote sawa: hakuna aliyekuwa amefanikiwa, kwa hiyo hakuna aliyeona haya kusimulia.

Nina jambo jingine, na hili linaniuma. Unasema mlikuwa 41. Je, hiyo ni hesabu ya walioanza au ya waliomaliza? Sisi tulianza tukiwa 40 tukamaliza 33. Wawili walifariki tukiwa shuleni, na watano walifukuzwa kwa kupata ujauzito, kama kanuni za wakati ule zilivyotaka. Serikali iliruhusu wasichana wa namna hiyo kurudi shuleni katika mfumo rasmi Novemba 2021, miaka takriban arobaini baada yao. Tulipoanza kuandaa kijitabu hakuna aliyewataja, nami mwenyewe sikuwataja, ingawa mmoja wao alikuwa jirani yangu wa kitanda. Tuliwatafuta tukawapata watatu. Huyo jirani yangu alinifungulia kabati akanionyesha daftari lake la biolojia la kidato cha tatu. Kurasa zimejaa mpaka kwenye mchoro wa figo, ambao haukumaliziwa majina. Alikuwa amelitunza muda wote huo, akilihamisha kutoka nyumba moja hadi nyingine. Maelezo yake sasa yana kurasa nne, na kwa maoni yangu ndiyo yenye thamani kubwa kuliko yote yaliyomo katika kijitabu chetu. Kwa hiyo nakuomba, kabla ya kuwafuata walionyamaza, hakikisha kwanza kwamba hakuna aliyeachwa nje ya orodha.

Kitanda cha Juu

Ndugu, mimi nilikuwa mmoja wa wanaonyamaza, na huenda nikakusaidia kwa kukueleza yaliyokuwa yakipita moyoni mwangu.

Nilimaliza kidato cha sita mwaka 1983, nikaenda JKT kwa mujibu wa sheria, nikasomea uhasibu, na mwaka 1987 nikaajiriwa katika shirika moja la umma. Nilikuwa na nyumba ya shirika na usafiri wa shirika, na katika darasa letu nilihesabiwa miongoni mwa waliofika. Katikati ya miaka ya tisini mashirika yalipokuwa yanabinafsishwa, letu likauzwa, na sisi tukapunguzwa. Malipo yetu yalichukua miaka. Nilirudi Singida na mke na watoto wanne, nikauza mitumba, nikafuga kuku wakafa kwa kideri, na hatimaye nikatulia kwenye alizeti na nyuki, ambavyo ndivyo vinavyonilisha mpaka leo. Kwa miaka kumi na tano sikutaka kuonana na mtu yeyote niliyesoma naye.

Watu hudhani ni aibu peke yake. Aibu ilikuwapo, sikatai. Lakini kilichonifukuza ni michango. Wenzangu walipofungua kundi la WhatsApp, niliingizwa asubuhi, na kufikia jioni ilikuwa imetumwa orodha ya mchango wa harusi ya mtoto wa mwenzetu, majina yote na kiasi kilichotolewa, shilingi elfu hamsini, laki moja, laki mbili, na mbele ya jina langu dashi. Mnajua orodha hizo zinavyokwenda: kila mtu akilipa, inatumwa upya nzima. Dashi yangu niliiona zaidi ya mara thelathini siku hiyo. Nikatoka kwenye kundi, na walioniona nimetoka wakasema nina kiburi.

Aliyenirudisha ni mtu aliyekuwa analala kitanda cha chini yangu. Alikuwa anasafiri kwenda Mwanza, akashuka Singida, akaulizia mpaka akafika nyumbani. Hakuniuliza ninafanya kazi gani. Aliuliza habari za mama yangu, kwa sababu likizo ya mwaka 1979 aliipitisha kwetu, na mama ndiye aliyemtibu malaria. Mama alikuwa hai bado, akamtambua kwa sauti. Tulizungumza mpaka alfajiri, na yote aliyoyataka kuyajua kuhusu maisha yangu nilimwambia bila kuulizwa.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Acheni fomu. Kila aliyenyamaza apigiwe simu, au afuatwe kama inawezekana, na yule aliyekuwa karibu naye zaidi bwenini, wala si na kamati. Mtu asimulie na mwingine aandike, kisha msimulizi asomewe kila neno kabla ya kuchapwa, na akitaka kufuta afute. Michango ya mkutano msiichanganye kabisa na kazi ya kukusanya maelezo; afadhali ishikwe na watu wengine, na namba nyingine ya simu. Mtu asiyeweza nauli ya Makambako aambiwe faraghani kwamba nauli ipo. Sisi wakati ule tulisafiri kwa waranti, na hakuna aliyemwona mwenzake kuwa ni mzigo.

Na huyo fundi wako mpigie tena. Usimwombe aeleze maisha yake. Mwambie unataka kuandika jinsi ulivyofaulu hesabu, na kwamba huwezi kuandika bila yeye.

Mwalimu Mstaafu

Nimefundisha shule za bweni kwa miaka 31, na nimefurahi kuona mazungumzo haya.

Kuhusu swali la dada yetu juu ya orodha, jibu lake mara nyingi lipo shuleni kwenyewe. Shule za zamani hutunza rejista ya kuandikisha wanafunzi. Humo huandikwa namba ya mwanafunzi, wilaya aliyotoka, jina la mzazi au mlezi, tarehe aliyoingia, tarehe aliyoondoka na sababu ya kuondoka. Mwandikieni barua mkuu wa shule, mmoja wenu aipeleke mwenyewe, na aombe kukaa ofisini kunakili majina ya mwaka 1978. Msitegemee kumbukumbu za vichwani. Nimewahi kuwaona watu wazima wakibishana nusu saa juu ya mwenzao kama alikuwa mkondo A au B.

Kuhusu marehemu, nawaomba muwe waangalifu sana. Kizazi chenu kilikuwa na umri wa miaka ishirini hivi wakati wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walipotambuliwa nchini, mkoani Kagera, mwaka 1983, na dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure katika vituo vya serikali mwaka 2004. Kati ya miaka hiyo miwili walizikwa wengi, na familia nyingi hazijawahi kutamka sababu hata ndani ya nyumba. Katika kijitabu chenu sababu ya kifo isiandikwe kwa mtu yeyote, hata kwa yule ambaye sababu yake haina siri, kwa maana mkiiandika kwa wengine na kuiacha kwa mmoja, mmekwisha kuitaja. Andikeni alivyokuwa shuleni, alioa wapi, aliacha nani. Mjane au watoto waonyeshwe kabla ya kuchapwa.

Kuna jambo moja ambalo sikubaliani na mlioandika kabla yangu. Msiwaonee haya wenye vyeo. Mtoto wa mkulima aliyefika bwenini peku na baadaye akawa daktari, bila wazazi wake kuuza hata mbuzi mmoja kwa ajili ya ada, naye ana habari inayostahili kuandikwa, tena ni habari ya nchi hii kwa wakati ule. Ninachoona ni kwamba hao tisa wameandika walivyofika bila kueleza walivyopita. Warudishieni maelezo yao kwa heshima, muwaombe waongeze miaka ya katikati. Kanali aeleze usiku wake wa kwanza kambini. Daktari aeleze mgonjwa wake wa kwanza kumfia mikononi. Mkiwaomba, wataandika, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwauliza.

Mtoto wa Mwanadarasa

Shikamooni wazee wangu. Mimi ni wa umri wa watoto wenu, naomba niseme kidogo kuhusu marehemu.

Baba alifariki mwaka 2003, mimi nikiwa darasa la tano. Wenzake wa sekondari walichapa kijitabu kama hicho mnachokipanga, wakamletea mama nakala. Sehemu ya baba ina mistari kumi na mmoja. Inasema alikuwa golikipa wa bweni, aliogopa nyoka, na mwaka 1980 chakula kilipopungua shuleni aligawa karanga alizotumiwa na bibi kwa kuhesabu punje, moja moja, mpaka zikaisha kwa usawa. Bibi alikuwa bado hai, nikamsomea. Alisema karanga zile zilikuwa debe zima na hakuwahi kujua zilikwenda wapi. Kwetu sisi hakuna maandishi mengine yanayomhusu baba, isipokuwa vyeti. Tafadhali msiwaache wa kwenu 13 kwa kuwa hamna habari za kutosha. Hata mistari mitatu itatosha.

Bweni la Ruaha

Nimerudi baada ya wiki tatu, na nawashukuru nyote kwa dhati. Mwalimu, shikamoo. Fomu tumeziondoa, michango tumewakabidhi wengine, na barua ya kuomba rejista ilipelekwa kwa mkono wiki iliyopita.

Nilimpigia yule fundi, nikamwambia kama alivyonishauri ndugu yetu wa Singida: kwamba ninaandika nilivyofaulu hesabu na ninahitaji msaada wake. Alicheka, akanikumbusha mfano aliokuwa akiutumia wa kugawa maharage ya jikoni ili tuelewe sehemu na desimali, na hapo tukafunguka. Tulizungumza kwa siku tatu mfululizo, kila jioni baada ya kufunga cherehani. Nilipofika kwenye swali la mwaka uliofuata, alinyamaza kidogo, kisha akaniambia jambo ambalo hakuwahi kumweleza hata mmoja wetu. Sote tuliamini kwamba hakuchaguliwa kidato cha tano, na tulilishangaa hilo kwa miaka arobaini. Alichaguliwa. Barua ilitumwa kwa sanduku la posta la shule ya msingi ya kijijini kwao, ikakaa huko, ikamfikia wakati wenzake wamekwisha kusoma zaidi ya nusu mwaka. Alikwenda wilayani na barua yake, akaambiwa nafasi imejazwa. Baba yake alikuwa mgonjwa, wadogo zake walikuwa watano, akaanza kushona. Barua hiyo anayo bado. Ameniruhusu niyaandike haya na nimemsomea yote. Aliniomba nifute sentensi moja niliyomsifia, nikaifuta.

Yeye ndiye aliyetusahihisha hesabu, hata kabla rejista haijafika. Ananiambia hatukuwa 41, tulikuwa 42. Alikuwapo mvulana mmoja mdogo kutoka Liwale, mwenye sanduku la bati lililopakwa rangi ya buluu, aliyelala kitanda cha mwisho karibu na mlango. Alikwenda likizo mwaka 1979, tukiwa kidato cha pili, na hakurudi. Kitanda chake kilihamishiwa bweni jingine na hatukuuliza. Nilipomwuliza fundi jina lake, alilitaja papo hapo, la kwake na la baba yake. Sitaliandika hapa mpaka tumpate mwenyewe au ndugu zake. Lakini kama kuna msomaji wa Liwale au wa Nachingwea ambaye ana mzee katika ukoo aliyewahi kusoma Nyanda za Juu Kusini mwaka 1978 na kuishia kidato cha pili, tafadhali atuandikie hapa hapa. Nafasi yake katika kijitabu tumekwisha kuiacha, na mkutano ni Desemba.